Barabara Hii ni ya Nani?

Jani la chai halina subira. Likishachumwa lazima lifike kiwandani siku ile ile, la sivyo huharibika, na mvua za Rungwe hazijui hilo. Ndiyo maana mkulima wa wilaya hii huipima serikali kwa barabara. Nasi wa Matwebe, penye barabara mbovu, huuliza: hii ni ya nani?

Zamani jibu lilikuwa jepesi. Halmashauri ya wilaya ilikuwa na madiwani waliochaguliwa, na mfuko wake wenyewe. Mwaka 1969 kodi ya kichwa ilifutwa, na mwaka 1972 zikafutwa halmashauri zenyewe, chini ya mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Mwalimu Nyerere alitaka maamuzi yatoke Dar es Salaam yasogee kwa wananchi, na kampuni ya Kimarekani ya McKinsey ikaletwa kushauri. Nia ilikuwa njema. Lakini waliosogea ni maofisa. Mkurugenzi wa Maendeleo alikaa Tukuyu, mkubwa wake Mbeya, na mkulima hakuwa na kura juu ya hata mmoja wao. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa. Mkulima akabaki ana kwa ana na mamlaka ya zao lake, bila msemaji.

Halmashauri zilirudi mwaka 1984, na kodi ya maendeleo ikaja nazo. Aliyewahi kuwakimbia mgambo akajificha migombani hataisahau. Ilipofutwa mwaka 2003 sikumwona aliyeililia. Hata hivyo halmashauri ilizidi kutegemea ruzuku ya serikali kuu, na anayetegemea ruzuku humtazama mtoa ruzuku kabla ya kumtazama mpiga kura.

Mwaka 2017 barabara za wilaya zilikabidhiwa TARURA, wakala wa serikali kuu. Hoja ilikuwa na uzito: wahandisi wa halmashauri walikuwa wachache, na fedha za barabara zilitawanyika. Ila ushuru wa mazao ulibaki wa halmashauri. Basi pato la chai linaingia mlango mmoja, na barabara inayoibeba inatengenezewa mlango mwingine. Diwani akiulizwa mkutanoni habari za daraja lililochukuliwa na maji, hujibu, tena kwa haki, kwamba si lake. Meneja wa wakala, kwa upande wake, hakumwomba mtu kura.

Barua zikiwa bado njiani kati ya ofisi hizo, serikali ya kijiji hupiga mbiu, watu wakatoka na majembe kujaza mawe penye shimo.