Usanifu wa ndani: dhana kuu na matumizi yake

Usanifu wa ndani (nomino, ngeli ya U-) ni taaluma ya kupanga nafasi ya ndani ya jengo, pamoja na mwanga, hewa, samani na vifaa vyake, ili watu waishi humo kwa afya na staha. Istilahi hii isichanganywe na mapambo ya ndani. Mapambo hushughulikia sura ya chumba. Usanifu hushughulikia maisha yanayoendeshwa humo.

Dhana tatu zifuatazo zahitaji uangalifu katika tafsiri. Mifano imetolewa katika mwambao wa Kilwa, kuanzia magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, hadi nyumba za udongo na makuti za vijiji kama Pande.

1. Usalama, si ulinzi
Ulinzi huzuia mtu mwenye nia mbaya. Usalama huzuia madhara ya aina yoyote, hata yasiyokusudiwa na mtu. Dirisha lenye nondo zisizofunguka huongeza ulinzi lakini hupunguza usalama, kwa kuwa moto ukizuka wenyeji hukosa pa kutokea. Kwa upande mwingine, kuweka meko uani ni suala la usalama: moshi hauwafikii waliolala, na cheche huwa mbali na paa la makuti.

2. Endelevu, si -a kudumu
Kitu cha kudumu hukaa muda mrefu. Kitu endelevu hutumika bila kuwanyima wajao haki ya kukitumia. Boriti za mikoko zilizobeba dari za nyumba za mawe ni za kudumu. Lakini matumizi yake ni endelevu pale tu mikoko inapoachwa iote upya. Makuti, kinyume chake, hayadumu, hubadilishwa kila baada ya miaka michache, ila mnazi huendelea kuyatoa bila kukatwa. Mfasiri anayeandika “vifaa vya kudumu” mahali pa “vifaa endelevu” huweza kumwelekeza fundi kwenye uamuzi ulio kinyume na matini chanzi.

3. Usanifu unaozingatia watu
Kishazi hiki ni wazi kuliko “usanifu wa kibinadamu”, ambao huleta maana ya huruma au msaada. Mfano wake bora ni baraza: kiti cha mawe au udongo kilichojengwa mbele ya nyumba. Mgeni hupokewa, huketi na huzungumza, na faragha ya waliomo ndani haivunjwi. Hata hivyo, mapokeo nayo yapimwe kwa kipimo hichohicho. Kizingiti kirefu cha mlango huzuia maji ya mvua, lakini humzuia pia mzee na mtumiaji wa kiti cha magurudumu. Sifa ya mahali kufikiwa na kutumiwa na kila mtu huitwa ufikivu.

Tanbihi ya sarufi
Kivumishi *endelevu* hakichukui kiambishi cha ngeli: *jengo endelevu, majengo endelevu, samani endelevu*. Umbo *\*maendelevu* si sanifu. *Salama* hufuata kanuni hiyohiyo: *chumba salama, vyumba salama*.

Linganisha: usanifu majengo, samani, shubaka, ukumbi, ua.