Muswada wa Makerere

Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, Uganda. Chinua Achebe tayari alikuwa na jina. James Ngugi, ambaye leo tunamwita Ngũgĩ wa Thiong'o, alikuwa mwanafunzi wa palepale tu. Akampa Achebe muswada wake asome. Achebe akausoma, akausogeza kwa wachapishaji wa Heinemann, na mwaka 1964 kikatoka kitabu: Weep Not, Child.

Kumbe mkutano ule ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ, mwenye hadithi fupi chache, akaingia. Shaaban Robert, mwenye Kusadikika na Adili na Nduguze, hakuwa na nafasi, maana aliandika Kiswahili. Mwezi uleule akafariki. Hilo ndilo linaloniuma.

Ngũgĩ mwenyewe alikuja kulisema wazi. Mwaka 1978, gerezani Kamiti, aliandika riwaya kwa Kikuyu juu ya karatasi za chooni. (Na sisi Kenani tunalia eti kaye hakuna!)

Mimi nilisoma kwa Kifaransa, na fomu za hapa ni za Kiingereza. Riwaya yangu ni ya Kiswahili chetu cha Moba. Mwenzangu mmoja ameisoma sura ya kwanza, amekata kurasa nne. Tumegombana sana. Kesho nampa ya pili.