Nani Aliwaambia Watoke?

Nilipoacha kampasi nilihamia bedsita ya rafiki yangu kule Kahawa West. Tulikuwa wanne. Kitanda kilikuwa kimoja, godoro la pili tulilisimamisha ukutani mchana, na mwenzetu aliyefanya kazi ya usiku alilala sisi tukiamka. Nilidhani hayo ni mambo ya Nairobi tu. Halafu nikaanza kusoma kuhusu Nunavut, kaskazini kabisa mwa Kanada, nikakuta watu wanaolala kwa zamu vivyo hivyo. Ila wao ni nyanya, wazazi, watoto na wajukuu, nje kuna baridi ya kuua mtu, na landlodi ni serikali.

Nunavut ni kubwa kuliko Kenya zaidi ya mara tatu, lakini mwaka 2021 watu wake walikuwa kama 37,000 tu, wametawanyika katika makazi 25. Hakuna barabara inayounganisha makazi hayo. Zaidi ya nusu ya wakazi wanaishi katika nyumba za serikali. Na sensa ya 2021 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya Wainuit wanaoishi katika maeneo yao ya kaskazini wamebanana katika nyumba zisizowatosha.

Nilimsimulia shosho haya. Akaniuliza swali moja tu: "Na nani aliwaambia watoke kwao?"

Shosho anajua anachouliza. Alikuwa msichana mdogo mwaka 1954, wakati serikali ya kikoloni ilipowahamisha zaidi ya watu milioni moja Kenya ya Kati na kuwajaza katika vijiji vya hali ya hatari. Kwake, mtu hawezi tu kujikuta hana nyumba. Kuna aliyemtoa mahali.

Basi nikarudi kusoma, safari hii nikitafuta jibu la swali lake.

Kabla ya miaka ya 1950, Wainuit wengi waliishi katika kambi ndogo za jamaa, wakihama kufuata sili, samaki na wanyama wa kuwinda. Majira ya baridi walijenga nyumba ya theluji, kazi ya saa chache kwa mtu anayeijua. Palikuwa pia na qarmaq, nyumba ya udongo, mawe na mifupa ya nyangumi, na hema la ngozi kwa kiangazi. Hayakuwa maisha ya raha. Njaa ilikuwepo, na bei ya ngozi za mbweha ilipoanguka baada ya Vita Vikuu vya Pili, familia nyingi ziliumia. Lakini hakuna aliyesubiri barua ya ofisi ndipo apate pa kulala.

Kisha serikali ikaweka shule, zahanati na polisi katika sehemu chache na kuwataka watu wasogee huko. Wengine ilibeba yenyewe. Mwaka 1953 na 1955 ilizichukua familia kutoka Inukjuak, Quebec, ikazipeleka umbali wa kama kilomita 2,000 kaskazini, Resolute na Grise Fiord. Ziliahidiwa kwamba zikitaka, zitarudishwa baada ya miaka miwili. Ahadi hiyo haikutimizwa, na serikali iliomba radhi mwaka 2010.

Kwa wengine, chambo kilikuwa nyumba. Kati ya 2007 na 2010, Tume ya Ukweli ya Qikiqtani iliwasikiliza wazee wa mashariki mwa Nunavut. Walieleza jinsi walivyoahidiwa nyumba nzuri na kodi ndogo wakikubali kuhamia kwenye makazi. Walifika, wengine wakakuta hakuna nyumba, wakapiga hema au kuunga vibanda kwa mbao zilizotupwa. Wakati huohuo polisi na maafisa wengine walikuwa wakiwapiga risasi mbwa wao wa kuvuta sleji. Mwindaji asiye na mbwa hawezi kurudi kambini. Ukiuliza kwa nini hawakuondoka tu walipoona wamedanganywa, jibu ni hilo.

Mpango wa kwanza wa nyumba, wa 1959, uliwauzia kwa mkopo. Vilikuwa vijumba vya chumba kimoja, vidogo hadi vikaitwa viberiti. Kumkopesha mwindaji asiye na mshahara ni mzaha, na mpango ukakwama. Kuanzia 1965 serikali ikageukia upangaji: nyumba kubwa kidogo, na kodi inayopimwa kwa kipato. Hivyo, ndani ya kizazi kimoja, watu waliojijengea wakawa wapangaji, tena wa nyumba ambazo hawawezi kuzitengeneza wenyewe. Nyumba hizo zinasimama juu ya nguzo kwa sababu ardhi chini imeganda. Mbao, misumari na madirisha huja kwa meli katika miezi michache ambayo bahari haina barafu. Boksi moja likisahaulika bandarini, fundi anangoja mwaka mzima.

Halafu ukafika 1993. Mwezi wa Mei, mjini Iqaluit, Wainuit na serikali walitia saini makubaliano yaliyozaa Nunavut. Mwaka huohuo serikali kuu iliamua kuacha kugharamia nyumba mpya za umma. Eneo lilipozaliwa rasmi tarehe 1 Aprili 1999, lilirithi nyumba zinazozeeka pamoja na ruzuku ya matunzo iliyopangwa kupungua mwaka hadi mwaka hadi iishe 2037. Ni kama mtu akukabidhi matatu kuukuu, akuambie "sasa ni yako," kisha aondoke na pesa za mafuta.

Nunavut yenyewe si malaika. Mwaka 2006 serikali kuu iliipa dola milioni 200 ijenge nyumba zipatazo 725. Usimamizi ukalegea, na gharama zikapita bajeti kwa dola kama milioni 110. Lakini hata hesabu zingekaa sawa, nyumba hizo zisingeziba pengo la miaka yote ile.

Pengo hilo linaonekana mapafuni. Kifua kikuu huenea watu wakibanana, na takwimu za 2016 zilionyesha kiwango chake kwa Wainuit ni takriban mara 300 ya kile cha Wakanada waliozaliwa nchini wasio wa jamii asilia. Mwaka 2018 serikali iliahidi kuumaliza huko kaskazini ifikapo 2030. Nunavut nayo ilitangaza mwaka 2022 mpango wa nyumba 3,000, kufikia 2030 hiyohiyo.

Mumilaaq Qaqqaq alizaliwa Baker Lake mwaka 1993, mwaka ule ule pesa zilipokatwa. Alichaguliwa mbunge wa Nunavut 2019, akiwa na miaka 25. Mwaka uliofuata alizunguka akiingia nyumba za watu, akaona kuta zenye ukungu mweusi na vyumba vilivyojaa magodoro, na mwaka 2021 akaandika ripoti kuhusu alichokiona. Hakugombea tena.

Wabunge wa Ottawa wanapojadili nyumba za kaskazini, lugha ni ya msaada: kiasi gani kimetolewa, kwa watu wachache kiasi gani. Kwa swali la shosho, hesabu inageuka. Watu waliambiwa watoke, wakaahidiwa nyumba, na wakanyang'anywa njia ya kurudi. Kinachodaiwa hapo ni deni la tangu miaka ya 1950, na wajukuu ndio wanaolala juu yake kwa zamu.

Sisi pale Kahawa West tulitawanyika baada ya miezi saba. Mmoja alipata keja Githurai, mwingine akarudi shags, mimi nikapata chumba Zimmerman. Tulipanda matatu tu na begi zetu. Wa Grise Fiord hana mtaa wa pili wa kuhamia. Anangoja jina lake lifike juu ya orodha.