Mshika Kitabu Nyuma ya Pazia

Mwanafunzi wetu mmoja, aliyebakiza muhula mmoja tu amalize masomo ya ualimu, alitujia na swali ambalo hatukuwa na jawabu lake tayari. Alitaka kujua kama yafaa aiache chaki awe msimamizi wa jukwaa. Hakutamani kuigiza wala kutunga; alitaka kuwa yule akaaye gizani na kitabu mkononi, akiashiria taa iwashwe na mwigizaji atoke. Baba yake alikuwa ameuza ng'ombe ili amlipie karo. Tulimwomba siku chache, nasi tukazitumia kuitafuta asili ya kazi yenyewe.

Kazi hii ni kongwe kuliko jina lake. Katika London ya zama za Shakespeare, mwigizaji hakupewa mchezo mzima. Alipewa maneno yake tu, pamoja na yale machache ya mwenziwe yamjulishayo zamu yake, yameandikwa katika ukanda mrefu wa karatasi. Mchezo kamili ulikaa kwa mtunza kitabu. Kunakili kwa mkono kulikuwa na gharama, tena kundi liliogopa kuibiwa mchezo wake. Nakala hiyo ndiyo iliyobeba idhini ya afisa wa mfalme aliyesimamia michezo, kwa hiyo aliyeitunza alitunza pia ruhusa ya kundi zima. Nyuma ya jukwaa palitundikwa karatasi iliyobandikwa ubaoni, ikionyesha ni nani aingiaye katika onyesho lipi. Chache za namna hiyo zimesalia hata leo, na tundu la kutundikia bado laonekana. Watazamaji hawakuiona kamwe; lakini pasipo hiyo, mfalme angeweza kutangulia kuingia kabla ya tarishi wake!

Kwetu Uganda, Jumba la Michezo la Taifa lilifunguliwa Kampala mwaka 1959. Hata hivyo mfano utufaao zaidi ni ule wa mwaka 1965, wanafunzi wa Makerere, wakiwa na mwalimu wao David Cook, walipoanza kuzunguka Uganda na Kenya na michezo isiyotozwa kiingilio. Waliigiza kwa Kiingereza, Kiluganda, Kinyoro-Kitoro na Kiswahili. Na tuwaze kidogo uzito wa jambo hilo kwa mwenye kutunza vifaa: leo ukumbi wa shule, kesho uwanja mtupu; lugha nne, mavazi yale yale, na kila mahali mtu lazima apime upya mwigizaji atatokea upande gani. Sisi walimu wa Kiswahili twapenda kusimulia kwamba lugha yetu ilipanda jukwaa lile. Aghalabu twasahau kuwa kuna aliyelipanga.

Hatukumficha kijana upande wa pili. Byron Kawadwa, aliyeongoza Jumba hilo la Taifa, aliuawa mwaka 1977 katika utawala wa Idi Amin. Mwaka huo huo, huko Kamiriithu nchini Kenya, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii ulifutiwa kibali mwezi wa Novemba, na mwaka 1982 jukwaa lililojengwa na wanakijiji wenyewe likabomolewa. Anayeshika kitabu hushika pia hatari iliyomo. Siku hizi shida kubwa zaidi ni mkate: ni makundi machache katika nchi zetu yawezayo kumlipa msimamizi wa jukwaa mwaka mzima.

Mafunzo yapo. Makerere hufundisha sanaa za maonyesho, na chuo cha Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho sasa huitwa TaSUBa, kimewalea wasanii wengi. Lakini cheti hakimpi mtu tabia ya kufika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, wala subira ya kusikia makofi yasiyo yake. Hayo tulimwambia waziwazi. Tukamwambia pia amalize muhula wake kwanza, maana ng'ombe wa babaye hawarudi.

Alitusikiliza, kisha akauliza kama mchezo wetu wa kufunga mwaka una msimamizi. Haukuwa naye, miaka yote tulikuwa tukipiga kelele wenyewe nyuma ya pazia. Sasa amekwisha kupata cheti, anafundisha shule ya jirani, na jioni huja mazoezini. Kitabu kiko kwake, pembe za kurasa zimejaa penseli. Uamuzi wake bado hajautamka. Juma lililopita tulikihitaji kitabu hicho, ikatubidi tumngojee hadi saa kumi na moja, kwa sababu sisi hatuna nakala nyingine.