Njia Ndefu ya Kufika Miteja: Historia ya Utafiti wa Virusi vya Papiloma na Saratani ya Mlango wa Kizazi katika Pwani ya Kusini mwa Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya maarifa kuhusu virusi vya papiloma vya binadamu (HPV) na saratani ya mlango wa kizazi, yakiitazama historia hiyo kutoka Miteja, kata ya Wilaya ya Kilwa katika Mkoa wa Lindi. Hoja kuu ni kwamba kuchelewa kwa wanawake wa pwani ya kusini kufika hospitalini, ambako mara nyingi huelezwa kwa aibu, mila au uhaba wa elimu, kunafafanuliwa vizuri zaidi na historia ya umbali: umbali wa barabara, umbali wa vifaa na umbali wa bei. Makala yanaonesha pia kwamba Afrika Mashariki ilichangia kuzaliwa kwa maarifa hayo mapema, ilhali matunda yake yalichelewa kuifikia.

1.0 Utangulizi

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yanaonesha wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,500 kwa mwaka mmoja. Takwimu hizi zinashtua zaidi mtu anapokumbuka kwamba ugonjwa huu ni miongoni mwa saratani chache ambazo chanzo chake kinajulikana kwa uhakika, zina chanjo, na hutanguliwa na mabadiliko ya seli yanayoweza kuonekana na kutibiwa miaka mingi kabla hayajawa saratani. Swali la mwanahistoria, basi, ni hili: ikiwa maarifa yapo, kwa nini vifo vinaendelea?

Miteja imechaguliwa kuwa kituo cha kutazamia kwa sababu ya mahali ilipo. Iko upande wa kaskazini wa Kilwa Kivinje, na kati yake na Dar es Salaam kuna zaidi ya kilomita 200 na Mto Rufiji. Historia ya tiba kwa kawaida huandikwa kutoka maabara kwenda nje. Makala haya yanaianza safari hiyo huko huko maabara, lakini yanaipima kwa muda iliochukua kufika kwenye zahanati ya kijiji.

2.0 Kutoka Rejista za Verona hadi Maabara za Ujerumani

Dalili ya kwanza ya kitakwimu ilitoka Italia. Mwaka 1842 daktari Domenico Rigoni-Stern alichapisha uchambuzi wa vifo vya mji wa Verona vya miaka ya 1760 hadi 1839, akaonesha kwamba saratani ya kizazi iliwapata zaidi wanawake walioolewa na wajane, na kwa nadra mabikira na watawa. Ilichukua zaidi ya karne moja kuujua wakala anayehusika. Katikati ya kipindi hicho, George Papanicolaou na Herbert Traut walionesha, katika kazi walizozichapisha miaka ya 1941 na 1943, kwamba seli zilizokwanguliwa na kutazamwa kwa hadubini zingeweza kuufichua ugonjwa kabla mgonjwa hajahisi lolote. Kipimo hicho kilipunguza vifo kwa kiasi kikubwa katika nchi zilizokuwa na maabara, wataalamu wa seli na mfumo wa kumwita mwanamke arudi kila baada ya miaka kadhaa. Mahali pasipo na vitu hivyo vitatu, kipimo hicho kilibaki ndani ya vitabu.

Katika miaka ya 1970 watafiti wengi walikishuku kirusi cha malengelenge ya sehemu za siri. Harald zur Hausen, mwanasayansi wa Ujerumani, alikitafuta kirusi hicho ndani ya vipande vya saratani bila kukipata, akaugeukia ukoo wa virusi vya papiloma, ambavyo wengi waliviona kuwa ni virusi vya chunjua tu. Mwaka 1983 yeye na wenzake walitangaza kuitambua HPV aina ya 16, na mwaka uliofuata aina ya 18. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 2008.

Utafiti uliofuata ulieleza namna virusi hivyo vinavyofanya kazi. Protini zake mbili, E6 na E7, huzilemaza protini za seli zinazozuia ukuaji holela. Hata hivyo, maambukizi mengi huondolewa na kinga ya mwili ndani ya miaka miwili hivi. Machache hudumu, na ndiyo huweza kuzaa saratani, kwa kawaida baada ya miaka 10 hadi 20 au zaidi. Jambo hili lina uzito wa kijamii. Maambukizi ni ya kawaida mno miongoni mwa watu wazima, hivyo ugonjwa hauwezi kuwa ushahidi wa mwenendo wa mtu. Mke mwaminifu aliyeolewa mara moja anaweza kuupata. Rejista za Verona zilionesha kuwepo kwa uhusiano na ndoa, si na dhambi. Hata hivyo, kwa muda mrefu tafsiri ya pili ndiyo iliyosikika zaidi.

3.0 Afrika Mashariki katika Ushahidi wa Dunia

Ni kosa kuisimulia historia hii kana kwamba Afrika Mashariki ilikuwa mpokeaji tu. Wazo lenyewe kwamba virusi vinaweza kusababisha saratani kwa binadamu lilipata nguvu Kampala, ambako Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya kwa watoto. Sampuli za uvimbe huo kutoka Uganda ndizo zilizowawezesha Epstein, Achong na Barr kutangaza kirusi kipya mwaka 1964. Zur Hausen mwenyewe alijijengea ujuzi wake kwa kutafuta vinasaba vya kirusi hicho ndani ya uvimbe wa Burkitt kabla hajaugeukia mlango wa kizazi.

Mchango wa Tanzania ni wa moja kwa moja zaidi. Mwaka 1992 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliochunguza HPV, VVU na saratani ya mlango wa kizazi kwa wagonjwa wa Muhimbili, Dar es Salaam. Mwaka 1995 ulichapishwa uchunguzi wa kimataifa wa sampuli takriban 1,000 kutoka nchi 22, Tanzania na Uganda zikiwamo. Vinasaba vya HPV vilionekana katika asilimia 93 ya sampuli. Mwaka 1999 sampuli ambazo awali hazikuonesha virusi zilirudiwa kwa mbinu bora zaidi, na kiwango kikapanda hadi asilimia 99.7. Hapo ndipo ilipokubalika kwamba bila HPV, saratani hii karibu haipo.

Baadaye, utafiti wa wanawake 3,603 wa mijini na vijijini nchini Tanzania, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta aina hatarishi za HPV kwa asilimia 20.1 ya washiriki. Miongoni mwa wasio na VVU kiwango kilikuwa asilimia 14.8, miongoni mwa wenye VVU kilikuwa asilimia 46.7. Kwa hiyo, janga moja lilikuwa likilitengenezea jingine njia.

4.0 Ocean Road na Umbali wa Kusini

Kwa mgonjwa wa Miteja, maarifa haya yote yaliishia kwenye jengo moja. Hospitali ya Ocean Road ilijengwa na Wajerumani na kufunguliwa mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu. Waafrika walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji. Hospitali iliyowafungia Waafrika mlango ikaja kuwa, kwa sheria ya mwaka 1996, Taasisi ya Saratani ya taifa, na kwa miaka mingi ndiyo pekee nchini iliyotoa tiba ya mionzi. Kundi kubwa la wagonjwa wake limekuwa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi, na wengi wao hufika ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa.

Kufika huko kulimaanisha kuvuka Rufiji. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa Kilwa alitegemea kivuko cha Ndundu, na wakati wa masika barabara ilikatika. Hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga, takriban kilomita 60, kilibaki kuwa cha vumbi na tope kwa miaka mingi. Tiba ya mionzi si ya siku moja; hutolewa kwa wiki kadhaa mfululizo. Mwanamke wa kijijini alihitaji nauli, mwenyeji wa mjini, na mtu wa kumwachia shamba na watoto. Mambo hayo hayaandikwi kwenye faili la mgonjwa, lakini ndiyo yaliyoamua nani atapona.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 njia fupi zaidi ilianza kutumika: kupaka siki mlango wa kizazi na kutazama kwa macho sehemu zinazogeuka nyeupe. Muuguzi aliyefunzwa anaweza kuifanya bila hadubini, na matokeo hupatikana papo hapo, hivyo mabadiliko ya awali yanaweza kutibiwa siku hiyo hiyo kwa kugandishwa. Umuhimu wake wa kihistoria ni kwamba iliondoa safari ya pili, ile ya kurudi kuchukua majibu, ambayo wengi hawakuimudu.

5.0 Chanjo: kutoka Mwanza hadi Taifa Zima

Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2006. Kati ya mwaka 2010 na 2011, jaribio lililofanyika Mwanza katika shule za msingi 134, likiwahusu wasichana 5,532, liliuliza jinsi ya kuwafikia: kwa darasa au kwa umri. Katika shule zilizochanja kwa darasa, asilimia 78.7 walikamilisha dozi tatu; katika zile zilizochanja kwa umri, asilimia 72.1. Chanjo ilifanyiwa majaribio ya utekelezaji Kilimanjaro kuanzia mwaka 2014, na Aprili 2018 ikaenea nchi nzima, ikianza na wasichana wa miaka 14 kwa kuwa chanjo ilikuwa haba duniani.

Mwanza ilichangia tena. Utafiti uliowahusisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 ulilinganisha dozi moja, mbili na tatu. Karibu wote waliopata dozi moja walijenga kingamwili dhidi ya HPV 16. Kenya nayo, kwa utafiti wa wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, ilionesha mwaka 2022 kwamba dozi moja ilizuia maambukizi ya aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5 katika miezi 18. Ushahidi huu ulikuwa sehemu ya msingi wa Shirika la Afya Duniani kuikubali dozi moja mwaka huo huo. Tanzania iliifuata Aprili 2024, ikiwachanja wasichana wa miaka 9 hadi 14. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Mei, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kusini eneo la Somanga. Dozi ilikuwa imekwisha kuwatangulia mafuriko; mgonjwa aliyehitaji mionzi hakuwa na bahati hiyo.

6.0 Mjadala: Nani Aliyeficha Maradhi?

Methali husema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika mijadala ya afya methali hii hutumika kumlaumu mwanamke aliyechelewa. Ushahidi uliotangulia unadai tuisome upya. Ugonjwa huu hukaa kimya kwa miaka 10 au zaidi. Mgonjwa hawezi kuficha asichokihisi. Aliyeweza kuufichua ni mwenye kipimo, na kipimo kilikuwa mbali. Huduma ilipopelekwa walipo wasichana, kama ilivyokuwa Mwanza, zaidi ya theluthi mbili walikamilisha dozi zote tatu. Aibu na uvumi vipo, na haifai kuvikanusha. Lakini havitoshi kueleza miaka 12 iliyopita kati ya kuidhinishwa kwa chanjo Marekani na kuenezwa kwake Tanzania, wala miongo sita kati ya Papanicolaou na siki.

Pana pengo lingine. Chanjo humlinda binti. Haimtibu mama aliyekwisha kuambukizwa. Mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka, ifikapo 2030, asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa, asilimia 70 ya wanawake wachunguzwe, na asilimia 90 ya wanaogundulika na ugonjwa watibiwe. Lengo la kwanza linaweza kufikiwa kupitia shule. La pili na la tatu yanahitaji zahanati yenye siki, taa, muuguzi na njia ya rufaa isiyokatika.

7.0 Hitimisho

Historia ya HPV ikitazamwa kutoka Miteja ni historia ya maarifa yaliyosafiri kwa mwendo usio sawa. Sampuli za wanawake wa Afrika Mashariki zilifika maabara za ng'ambo mapema. Huduma iliyotokana nazo ilirudi kwa kusuasua. Dozi moja imefupisha safari kwa kizazi kipya. Kwa kizazi cha mama zao, kipimo cha mafanikio kitabaki kuwa kile kile: je, mwanamke wa Miteja anaweza kuchunguzwa na kutibiwa kabla hajalazimika kuvuka Rufiji?