Dhahabu Kwenye Meno ya Kadi

John Williamson alipopata almasi Mwadui mwaka 1940, mashine za umeme bado ziliongozwa kwa swichi na relei. Kila amri ilikuwa na waya wake, kila waya na skrubu yake, na fundi alitambulika kwa bisibisi. Mgodi wa kwanza wa dhahabu wa Geita, uliofungwa 1966, uliishi na kufa katika enzi hiyohiyo.

Mabadiliko yalianzia mbali. Mwaka 1969 Wamarekani walitoa Modicon 084, kompyuta ya kiwandani iliyokuja kuzistaafisha relei. Wajerumani nao wakaandika kiwango cha soketi za kadi za elektroniki kinachoitwa DIN 41612: pini hadi 96 katika safu tatu za 32, pini na jirani yake zikipishana milimita 2.54. Kadi ndogo ya kawaida ina milimita 100 kwa 160, na hukaa kwenye raki ya inchi 19. Kadi ikawa kama droo ya kabati: unaivuta, unachomeka nyingine, kazi inaendelea. (Usidanganyike, lakini. Soketi kufanana hakumaanishi kwamba kadi ya kampuni hii itaelewana na raki ya kampuni ile.)

Mgodi wa Geita ulipoanza upya mwaka 2000, Geita ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza, na ule wa Bulyanhulu, Kahama, ulipofuata 2001, fundi wa mgodini alikuwa mtu wa kadi.

Itazame pini ya soketi ya kadi hizo kwa karibu. Juu ya shaba kuna nikeli, na juu ya nikeli kuna utando wa dhahabu ambao mara nyingi haufiki hata maikroni moja. Dhahabu imewekwa hapo kwa sababu haishiki kutu. Adui yake mgodini ni vumbi, na mtetemo wa mtambo wa kusagia mawe: pini husuguana kidogokidogo mpaka utando utoboke, kisha mashine inazima na kuwaka bila sababu inayoonekana.

Kuna pia adui wa tatu, fundi mwenyewe. Kwenye kadi za kizamani, ambazo ukingo wake ndio plagi, wengi husugua meno ya ukingo huo kwa kifutio cha penseli. Yanang'aa kweli, ila dhahabu inabaki kwenye kifutio.

Kijana unayeanza kazi hii, zima umeme, pangusa kwa kitambaa chenye spiriti, na kifutio kiache kwenye mkoba wa shule.