Neno «ekskomunikasio» lina maana gani?

Mara nyingi tunasikia wakristu wakisema juu ya mwenzao: «Huyu amefukuzwa katika Eklezia.» Tukiuliza sababu, wanajibu: «Hapokei Komunio.» Basi, ni vema tulichunguze neno lenyewe, maana neno lisiloeleweka laweza kumjeruhi mtu.

Ekskomunikasio ni neno la Kilatini. «Ex» ni kusema nje. «Communio» ni kusema ushirika. Ndiyo kukatiwa ushirika, wala si kufutiwa ubatizo. Alama ya ubatizo haifutiki kamwe.

Desturi hii ni ya zamani sana. Mtume Paulo aliwaamuru wakristu wa Korinto wamtoe kati yao mtu aliyekaa na mke wa baba yake. Lakini aliwaeleza pia shabaha yake: roho ya mtu yule ipate kuokoka.

Mwaka 390 askari wa kaisari Theodosius waliua watu wengi katika mji wa Tesalonike, kwa amri yake. Mtakatifu Ambrosi, askofu wa Milano, akamwandikia kwamba hawezi kutoa sadaka mbele yake, mpaka atubu. Kaisari akavua mapambo ya kifalme, akalia mbele ya watu kanisani, akapokelewa tena. Askofu hakutafuta kumwaibisha, alitaka kumponya.

Hata sheria ya Eklezia ya mwaka 1983 inahesabu ekskomunikasio kati ya adhabu za kuponya. Aliyepatwa nayo hawezi kupokea sakramenti. Lakini akiacha ukaidi wake, hawezi kunyimwa maondoleo.

Tena si kila asiyepokea Komunio amepatwa na adhabu hiyo. Wako walioachana na mwenzi wa ndoa wakafunga ndoa nyingine ya serikali. Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika kwamba watu hao wasijione wametengwa na Eklezia: wasikilize Neno la Mungu, waje Misa, wasali, wawalee watoto wao katika imani.

Ndugu wasomaji, tusimfukuze mtu ambaye Eklezia haikumfukuza. Jirani huyo akija Misa siku ya Mungu, tumsogelee kwenye benchi, tumpe nafasi. Na yule aliyekatiwa ushirika kweli, tumwombee apate kurudi. Eklezia mama yake inamngoja.